Chetezo cha Rukiya na Wazimamoto wa Pellbrook

Habari hii nilipewa na Rukiya mwenyewe, mwaka jana, majira ya baridi. Tulikuwa tumekaa katika ukumbi wa mtaa, Newtown, tukishona foronya. Akaniambia, "Wewe unajua kuandika. Iandike hii, wenzetu wanaojifunza kusoma waisome. Na usinipambe." Basi sikumpamba.

Rukiya alizaliwa Garissa. Sasa anaishi Birmingham, mtaa huo wa Newtown, na binti yake Anisa, mkwewe Mubarik, na mjukuu wake Muslimo, msichana mdogo ambaye bado hajaanza shule. Nyumba yao iko ghorofa ya nne. Anisa anatunza wazee katika makao ya wazee. Mubarik anaendesha teksi. Wote wawili hutoka asubuhi, na Rukiya hubaki na mtoto.

Kazi hiyo aliipenda kuliko usingizi. Alimpikia Muslimo uji. Alimsuka nywele. Alimhadithia habari za ngamia wa babu yake, kila ngamia na jina lake. Muslimo alimwita Ayeyo, yaani bibi. Bibi akiuliza kwa Kiswahili, mtoto alijibu kwa Kiingereza.

"Masikio yake yako Garissa," Rukiya alizoea kusema. "Ulimi utafika baadaye."

Kila Alhamisi Rukiya alichoma unsi. Unsi ni ubani na udi, vimepikwa na sukari na manukato. Unaweka kaa la moto ndani ya chetezo, unatia unsi juu yake, na moshi mtamu unajaa nyumba. Kisha Rukiya alisimamisha kitenga cha fito juu ya chetezo, na juu ya kitenga akatandaza nguo zinywe harufu. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake pia.

"Nyumba isiyofukizwa inanuka vitunguu na mvua," alisema.

Taabu ilikuwa moja tu: kengele ya moshi. Ilikuwa kidude cheupe, cha duara, kwenye dari la ukumbini. Kila Alhamisi moshi ulipopanda, kidude kile kilipiga kelele. Muslimo aliziba masikio. Ghorofa ya juu, jirani yao Truphosa aligonga sakafu yake kwa ufagio, gu, gu, gu. Truphosa ni muuguzi kutoka Kakamega. Alifanya kazi usiku na kulala mchana.

Siku moja alishuka na kanga yake begani, macho mekundu.

"Mama, shikamoo. Hiki kitu chenu kitaniua kabla ya uzee."

"Marahaba, mwanangu. Si mimi. Ni hicho kisichojua tofauti ya unsi na moto."

Rukiya alilifikiria jambo hilo. Akatafuta suluhisho, akalipata bafuni. Ilikuwa kofia ya nailoni, ile wanayovaa wanawake wakioga ili nywele zisilowe. Alipanda kiti, akaivalisha kengele. Unsi ukafuka, kengele ikanyamaza. Rukiya akacheka peke yake. Wenzake wa mtaa wa Alum Rock walipokuja kumtembelea, aliwaonyesha. Wawili wakaenda kufanya vivyo hivyo kwao.

Kofia ile ilikuwa ya Alhamisi tu. Lakini kupanda kiti na kushuka si mchezo kwa mtu mwenye magoti kama yake. Ikabaki pale pale, wiki baada ya wiki.

Sasa sikiliza. Alhamisi moja, Rukiya alikuwa anatarajia wageni. Alikaanga sambusa. Aliwasha chetezo chumbani kwake, akasimamisha kitenga, akatandaza dira mbili mpya, yaani magauni mapana ya kike, za kitambaa chepesi kinachong'aa. Muslimo alikuwa amelala kitandani pale pale. Rukiya akajiegemeza kando yake, apumzishe mgongo kidogo.

Alichukuliwa na usingizi.

Dira moja iliteleza, ncha yake ikagusa kaa. Kitambaa kile hakiwaki kama pamba. Kinayeyuka, kinatoa moshi mweusi, kisha kinashika moto. Chumba kikajaa moshi. Ukumbini, kengele ilikaa kimya ndani ya kofia yake.

Aliyemwamsha Rukiya ni Muslimo, kwa kukohoa.

Rukiya alimnyakua mtoto, akamtoa hadi kwenye ngazi. Akarudi na ndoo ya bafuni, akamwaga maji, akarudi tena, akamwaga tena. Moto ukafa. Zulia lilibaki na tundu jeusi pana kama sinia. Hakumwita mtu. Alijiambia, moto umezimika, nisumbue serikali kwa nini? Na kama watanidai gharama?

Jioni Anisa aliingia, akasimama mlangoni, akanusa. Alitazama zulia. Alitazama kitenga kilichoungua. Mwishowe akatazama dari.

"Mama, nani aliyeivalisha hii kofia?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

Anisa alipanda kiti, akaivua ile kofia. Mtoto alikuwa ameshalala, amekohoa lakini mzima.

"Mama, nakuheshimu," alisema Anisa. "Lakini Muslimo hatabaki hapa tena mchana. Nitamtafutia mlezi. Na chetezo hiki kitaingia jalalani."

Rukiya aliniambia kwamba maneno ya chetezo hakuyasikia hata kidogo. Alisikia yale ya Muslimo tu. Angekaa na nani mchana kutwa? Angemhadithia nani habari za ngamia?

Mubarik, ambaye huongea kidogo, aliweka funguo za teksi mezani. "Tusikate neno tukiwa na hasira," alisema. "Kullow anakuja Jumamosi. Hii ni kazi yake. Tumsikie kwanza."

Kullow ni mtoto wa dada yake Rukiya. Anakaa kijijini Pellbrook, nje ya mji, ambako anatengeneza magari na kuziba magurudumu. Kila Jumamosi huja Alum Rock kununua nyama ya mbuzi na unga wa anjera, zile chapati laini za Kisomali, kisha hupita kumsalimia mama yake mdogo na kumletea mayai ya kijijini. Zaidi ya hayo, Kullow ni mzimamoto wa kujitolea.

Jumamosi alikuja. Alikagua tundu la zulia, akakaa, akanywa chai hadi ikaisha. Rukiya alisubiri kukaripiwa.

"Mama Mdogo," alisema Kullow, "ulifikiri ile kengele inakuchukia?"

"Ilikuwa inanipigia kelele ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

"Kesho kijijini kwetu tunafungua milango ya kituo cha zimamoto, watu waje kutazama. Njoo na Anisa na mtoto. Nikikueleza hapa utasema Kullow ana maneno mengi kama mama yake."

"Mama yako ana maneno mengi kweli," alisema Rukiya. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu Alhamisi.

Jumapili walipanda treni, wakapita Selly Oak penye wanafunzi wengi, wakaenda hadi mwisho wa reli. Kullow aliwapokea kwa gari lake. Pellbrook ni kijiji kidogo. Kina kanisa, duka moja, kinyozi mmoja, na kondoo wengi. Kituo cha zimamoto kilikuwa kama banda la kuwekea trekta, lenye gari moja jekundu. Rukiya alitafuta askari, hakuona hata mmoja.

"Wazimamoto wako wapi?"

"Hao hao unaowaona," alisema Kullow. "Yule anayegawa soseji ndiye mwuza nyama. Yule mama mwenye mikono minene anapika shuleni. Yule kijana anachunga kondoo. Kila mmoja ana kazi yake. Kiunoni tuna kidude. Kikilia, kila mtu anaacha alichoshika, anakimbilia hapa. Tunapewa kitu kidogo tukiitwa, lakini hakuna anayeishi kwa hicho."

"Mji hauna wazimamoto wa serikali?"

"Wapo, na hodari. Lakini kutoka mjini hadi hapa ni mbali. Moto haungoji."

Kwenye kona palikuwa na kigari cha zamani cha mbao, chenye pampu ya kusukuma kwa mkono. Mwanamke mzee alikuwa ameketi karibu nacho, ana fimbo na miwani minene. Aliitwa Audrey. Alizungumza Kiingereza, na Kullow akawa anatafsiri.

"Zamani sana, kabla sijazaliwa," alisema Audrey, "nyumba zote za hapa ziliezekwa nyasi."

Rukiya alimgeukia Kullow. "Nyasi? Wazungu?"

"Nyasi, Mama Mdogo. Kama kwetu."

"Siku moja nyumba ya fundi viatu ilishika moto," Audrey aliendelea. "Upepo ukaupeleka nyumba hadi nyumba. Gari la zimamoto lilitoka mjini, likivutwa na farasi. Lilipofika, watu walikuwa wanafagia majivu. Fundi viatu hakupata kuwatoa watoto wake. Tangu siku ile kijiji kilisema, hatutangoja tena farasi wa mjini. Wanawake waliuza mayai na jamu, wakanunua pampu hii. Ufunguo wa banda ulitundikwa kwa mwoka mikate."

"Kwa nini kwa mwoka mikate?" aliuliza Rukiya.

"Ndiye aliyekuwa macho kabla ya wote. Na kila nyumba iliweka ndoo mlangoni, imeandikwa jina la mwenye nyumba. Kengele ya kanisa ikilia, unachukua ndoo yako na kukimbia. Ukirudi, unaijaza maji tena kabla hujala. Mtu aliyeacha ndoo yake tupu hakusalimiwa Jumapili."

Rukiya alicheka. "Hao ningewaweza."

"Ikaja vita," alisema Audrey. "Wanaume wakaenda. Pampu ikavutwa na wanawake. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Aliniacha kwa jirani, nikiwa mchanga, akaenda kuzima moto wa ghala la nafaka. Alirudi nyusi zake zimeungua zote. Jirani alimwambia amependeza."

Siku hizi, Kullow alieleza, moto si kazi yao pekee. Mvua ikizidi, wanafyonza maji majumbani. Gari likipinduka barabarani, wanalikata ili mtu atoke. Na jioni wanapita kwa wazee, kuangalia kama kengele zao za moshi zinafanya kazi.

Alikuwa bado anaongea, kidude kikalia kiunoni mwake. Kikalia kiunoni kwa mwuza nyama. Kikalia kwa mpishi wa shule. Hakuna aliyeuliza swali. Koleo la soseji likabaki limelala juu ya meza. Buti zikavaliwa, mlango wa banda ulikuwa wazi, gari likatoka. Rukiya alibaki amemshika Muslimo mkono, soseji zikiungua. Audrey alinyanyuka kwa fimbo yake, akaenda kuzima jiko la soseji.

Waliporudi, chai ya wageni ilikuwa bado ya moto kwenye birika. Kullow alikuwa anatoa jasho.

"Ni mzee mmoja mfuga nyuki," alisema. "Aliweka sufuria, akasinzia. Jiko limeharibika, yeye mzima. Kengele ilimwamsha, akatoka nje akatuita. Tulimfungia kengele hiyo mwaka juzi."

Rukiya alimvuta Muslimo karibu. Kisha aliuliza, "Kidude kama kile cha kwetu?"

"Kile kile."

"Na kama angekivalisha kofia?"

Kullow alimtazama mtoto, akamtazama tena mama yake mdogo. "Moshi haumwamshi aliyelala. Unazidi kumlaza. Juzi Mungu alimpa Muslimo kikohozi. Kesho huenda asimpe."

Rukiya akalia kidogo, akajifuta kwa mtandio. Anisa alisogea, akasimama karibu naye.

Njiani kurudi, Kullow aliwaendesha mwenyewe hadi Newtown, na mafunzo yalikuwa garini.

"Unsi uchome," alisema. "Ni wako. Lakini uweke chetezo juu ya sinia lenye mchanga, jikoni, karibu na dirisha. Fungua dirisha, funga mlango, moshi usiende ukumbini. Usiondoke pale mpaka uishe. Kaa likishatumika, litie maji kabla ya kulitupa."

"Na nguo?"

"Nguo zitundike mbali na moto. Moshi utazifikia."

"Hazitanukia kama za mama."

"Zitanukia nusu. Wewe utakuwa mzima wote."

"Na ile kengele?"

"Usiifunike kamwe. Usitoe betri. Kila wiki bonyeza kitufe chake kwa mti wa ufagio. Ikilia, iko hai. Usiku, kabla ya kulala, funga milango ya ndani. Mlango uliofungwa unazuia moshi. Mafuta yakishika moto kwenye karai, usimwage maji, yatakurukia. Zima jiko kama unafika bila kuungua, toka, funga mlango."

Anisa aliuliza, "Na moto ukitokea nyumbani kwetu? Tukae au tutoke?"

"Moto ukiwa nyumbani kwenu, tokeni wote. Tumieni ngazi, si lifti. Piga simu tisa tisa tisa ukiwa nje. Ni bure, hawadai gharama, hata ikiwa moto umeshazimika. Moto ukiwa wa nyumba nyingine, kila jengo lina mpango wake. Waulizeni wenye jengo, msibahatishe. Na wazimamoto wa mjini wanakuja kukagua nyumba bure, mkiwaita."

"Kiingereza changu hakifiki popote," alisema Rukiya.

"Si hotuba. Sema moto. Sema jina la jengo. Sema ghorofa. Hayo tu, kwa Kiingereza."

Rukiya akayarudia njia nzima, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura.

Usiku ule Anisa alisema neno lake. "Mama, tujaribu mwezi mmoja. Nikiona kengele imefunikwa, hata kwa leso, Muslimo anakwenda kwa mlezi."

"Mwezi mmoja," alikubali Rukiya.

Alhamisi iliyofuata, baada ya alasiri, Rukiya alichukua ufagio, akabonyeza kitufe. Kengele ikapiga kelele. Juu, Truphosa akagonga, gu, gu, gu.

Zamani Rukiya angenuna. Safari hii alipakua sambusa kwenye sahani, akapanda ngazi na Muslimo.

"Mwanangu, nisamehe kwa usingizi. Nilikuwa naijaribu. Ya kwako inalia?"

Truphosa alipokea sahani kabla ya kujibu. "Ya kwangu haijawahi kunisumbua."

"Ibonyeze."

Walibonyeza. Kimya. Truphosa alifungua kidude, kikawa kitupu ndani.

"Loo," alisema. "Betri nilitia kwenye saa ya ukutani. Mimi muuguzi mzima."

Rukiya aliketi, akamsimulia yote. Zulia, Pellbrook, nyumba za nyasi, ndoo zenye majina. Truphosa alisikiliza huku akila.

"Kwetu kijijini nyumba ikiungua watu wote wanakuja," alisema mwishowe. "Hapa sijui hata jina la mtu wa mlango wa pili."

"Basi mimi ni Rukiya," alisema Rukiya. "Na hapa ni kijiji kilichosimamishwa wima. Nenda kanunue betri, usingoje kesho."

Truphosa alinunua. Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila Alhamisi Rukiya alipiga kengele yake, kisha akasikiliza. Truphosa alipiga ya kwake. Halafu gu, gu, mara mbili tu, maana yake niko salama.

Mwezi ulikuwa unakaribia kuisha. Jumanne moja, Rukiya alikuwa anamsuka Muslimo. Juu, kengele ikaanza kulia.

Rukiya alisimamisha kitana. Si Alhamisi, aliwaza. Alingoja ufagio ugonge. Haukugonga. Kengele ikaendelea, ikaendelea. Kisha akasikia harufu ya maharagwe yanayoungua.

Alimshika Muslimo, nywele nusu zimesukwa, akapanda ngazi. Aliupiga mlango wa Truphosa kwa kofi, kwa ngumi, kwa kiatu.

"Truphosa. Truphosa. Amka."

Mlango ukafunguka. Truphosa alitoka akiwa na nguo za kazini, akikohoa, hajui saa wala siku. Nyuma yake moshi ulikuwa umejaa. Alikuwa ameinjika githeri ya mahindi na maharagwe, akaketi mara moja tu, usingizi ukamwangusha.

"Sufuria yangu," alisema, akageuka kurudi. "Ngoja nimwage maji."

Rukiya alimdaka kiunoni, akamshika nguo. "Sufuria itanunuliwa. Toka. Funga mlango."

Truphosa akauvuta mlango. Wakashuka kwa ngazi, watatu, wakigonga kila mlango waliopita. Nje baridi iliwapiga usoni. Truphosa alikuwa anakohoa hata hawezi kusema, kwa hiyo simu iliyokuwa mfukoni mwake aliishika Rukiya. Akabonyeza tisa tisa tisa. Sauti ya mwanamke ikaitika.

Rukiya alifunga macho. Akasema moto. Akasema jina la jengo. Akasema ghorofa ya tano. Yote kwa Kiingereza, polepole. Alipoulizwa zaidi, alirudia yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Yalitosha.

Gari jekundu lilikuja. Wazimamoto walipanda na mpira wao wa maji. Kabati moja la jikoni lilikuwa limeshika moto, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na moto haukwenda kokote. Waliuzima. Mkubwa wao alishuka, akauliza nani aliyepiga simu. Truphosa, ambaye sauti ilikuwa imerudi kidogo, alimwonyesha Rukiya.

"Anasema nini?" aliuliza Rukiya.

"Anasema kama si kengele na wewe, angekuwa ananibeba." Truphosa akaongeza, "Mama, leo umenigongea wewe."

"Umenigongea miaka miwili. Na mimi nilikuwa na zamu yangu."

Mhudumu wa gari la wagonjwa alimpima Truphosa kifua, akasema kitapona. Nyumba yake ilinuka moshi, kwa hiyo Rukiya alimtandikia kochi kwao.

Anisa alirudi jioni, habari ameshazipata kwa majirani wa ngazini. Alipita jikoni, akaona chetezo kimekaa juu ya sinia la mchanga, kimepoa. Alitazama dari la ukumbini. Kengele ilikuwa wazi, taa yake ndogo ikipepesa. Aliketi karibu na mama yake, akaanza kummalizia Muslimo nywele zile nusu zilizobaki.

"Mama, yule mlezi nilimpigia simu," alisema.

Rukiya akamgeukia.

"Nimemwambia asinisubiri. Kesho nina zamu ya alfajiri. Uji wa Muslimo utaupika wewe."

"Anaupenda mwepesi," alisema Rukiya. "Na sukari nusu kijiko."

"Ayeyo," alisema Muslimo, kisha kwa Kiswahili, "na mimi nibonyeze kengele."

Anisa na mama yake walitazamana. Ulimi ulikuwa umefika.

"Alhamisi," alisema Rukiya. "Nitakubeba uifikie."

Muslimo alilala wa kwanza, kichwa kikiwa kimesukwa upande kwa mkono wa bibi na upande kwa mkono wa mama. Anisa akamfuata. Mubarik alirudi na teksi yake, akala, akaambiwa habari zote, akasema, "Vema," akaenda kulala. Kwenye kochi Truphosa, ambaye saa zake ziligeuka zamani, alijigeuza mara nyingi, mwisho akaanza kukoroma.

Rukiya alifunga mlango wa jikoni. Akafunga mlango wa ukumbi. Akafunga mlango wa chumba chake, pale palipo na mkeka mpya juu ya tundu la zulia, akajilaza kando ya Muslimo. Alisikiliza nyumba. Hakuna kilicholia. Akavuta blanketi hadi shingoni, na usingizi ukamchukua.